Hamsini na Tatu Toa Ishirini na Saba

Kazi ya kufundisha kutoa huanza na kisu. Mwalimu ninayemsimulia hapa, mama anayekaribia kustaafu ambaye ameomba nisitaje jina lake wala la shule yake, hukaa kwenye kigoda uani kwake, juu kidogo ya mji wa Lushoto, akapasua mianzi. Mwanzi wenyewe si wa jana. Ulikatwa zamani, ukalazwa darini juu ya jiko hadi moshi ukamaliza maji yake, maana mwanzi mbichi hujikunja baada ya kuchongwa, na kijiti kilichojikunja hakilingani tena na mwenzake. Kwanza anaondoa pingili kwa msumeno mdogo, anabaki na vipande vilivyonyooka. Kila kipande anakisimamisha juu ya gogo, anaweka makali ya kisu kichwani pake, anagonga mgongo wa kisu kwa kibao. Mwanzi hupasuka wenyewe kufuata nyuzi zake. Mkono unauelekeza tu. Nusu, robo, thumuni, mpaka apate kijiti chembamba kuliko penseli. Hapo hukilaza kando ya kijiti mama, chenye urefu wa shubiri yake, anakata kinachozidi, kisha anapitisha msasa kwenye kingo ili kisimchome mtoto.

Vijiti hivyo ni mamia. Anavihesabu kumi kumi na kila kumi anaivisha pete ya mpira iliyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Nilimuuliza kwa nini asifunge kwa uzi, kwa kuwa uzi haukosekani nyumbani. Akajibu kwamba uzi una fundo, na fundo lina kazi yake. Mtoto wa darasa la pili akianza kuhangaika na fundo husahau swali. Pete ya tyubu huvuliwa kwa kidole kimoja na kurudishwa kwa kidole kimoja, hivyo akili inabaki kwenye hesabu. Na unene wa vijiti lazima ufanane, la sivyo mtoto atadhani kitita kilichonenepa kina zaidi ya kumi. Nimesoma maandiko mengi kuhusu zana za kufundishia na kujifunzia. Machache yanaingia kwa undani huu.

Dukani kuna abakasi, zile fremu zenye nyaya na shanga za rangi. Shule inazo mbili, na Mwalimu anazitumia, lakini si mwanzoni. Sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Kwenye abakasi, shanga ya makumi na shanga ya mamoja ni saizi moja. Kinachozitofautisha ni waya zilipotungwa. Mtoto anayejifunza kutoa hutakiwa kushusha shanga moja ya makumi na kupandisha kumi za mamoja. Akipandisha zile kumi na kusahau kushusha ile moja, abakasi haimwambii kitu. Kwa vijiti, kosa hilo halitendeki. Kitita kikishafunguliwa hakipo tena kwenye safu ya makumi. Vijiti vyake ndivyo vile vilivyotawanyika mezani. Zana imemzuia mtoto kudanganyika bila mwalimu kufungua mdomo. Abakasi itakuja baadaye, mtoto akishajua tayari kwamba shanga moja inasimama badala ya kumi.

Baada ya vijiti, vibao. Vya zamani, vile vya mawe ambavyo wazee wetu waliandikia, vimekwisha. Mwalimu huomba mabaki ya plaiwudi kwa fundi seremala mjini, anayakata vipande vya ukubwa wa daftari lililofunguliwa, analainisha uso kwa msasa mnene kisha mwembamba. Rangi anaitengeneza mwenyewe. Husaga mkaa wa miwati kwenye kinu, huuchekecha kwa kipande cha khanga mpaka ubaki unga usiokwaruza kati ya vidole, halafu huukanda na maji yanayotoka kwenye majani ya viazi vitamu yaliyopondwa. Utomvu wa majani ndio gundi. Anapaka kwa kitambaa, mkono mmoja ukienda upande mmoja tu, anaacha vikauke, anapaka tena, kisha anasugua kwa kitambaa kikavu. Mwezi wa Julai, ukungu unapoteremka kutoka msitu wa Magamba na kukaa hadi saa nne, tabaka moja huchukua siku mbili kukauka. Hasogezi vibao kwenye jiko, kwa sababu plaiwudi hupinda. Anangoja.

Darasa lake lina watoto zaidi ya sabini, na kiwango kinachotajwa na Serikali kwa shule ya msingi ni 45. Kwenye daftari, kosa la mtoto wa nyuma kabisa ataliona jioni, au kesho, au asilione. Kwenye kibao ataliona palepale. Anaposema “Vibao juu!” watoto wote huinua kwa wakati mmoja, na yeye anasoma ukuta mzima wa majibu kwa mkupuo. Kuna sharti moja: hakuna kufuta. Aliyebadili mawazo apige mstari mmoja juu ya jibu la kwanza na kuandika la pili chini yake. Mwalimu anataka yote mawili yaonekane. Watoto wa madarasa mengine hufuta kwa mate na mkono wa sweta. Wa kwake wana mikono safi ya sweta, jambo ambalo nadhani mama zao wanalishukuru.

Usiku wa kuamkia kipindi huandika andalio la somo. Fomu ni ileile iliyozoeleka, yenye umahiri, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi na tathmini. Anaijaza haraka. Anapotumia muda ni kwenye sehemu ambayo mthibiti ubora hawezi kuiona hata akiitazama: kuchagua namba.

Mwalimu mwingine angeandika ubaoni 52 toa 27, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye anaikataa. Alinieleza sababu kwa kuandika kwenye kibao kilichokuwa mapajani. Jibu ni 25. Watoto wengi wanaokosa wataandika 35, lakini watalifikia kwa njia mbili zisizohusiana. Mmoja anaona 2 haitoshi kutoa 7, kwa hiyo anageuza: 7 toa 2 ni 5, kisha 5 toa 2 ni 3. Amepata 35. Wa pili anajua kukopa, anafanya 12 toa 7 ni 5, ila anasahau kupunguza makumi aliyokopa, anaendelea na 5 toa 2 ni 3. Naye amepata 35. Wa kwanza hajaelewa kabisa kwamba kumi hufunguka. Wa pili ameelewa, ila hakumaliza kuandika alichokifanya. Ukiwapa dawa moja umemkosea mmoja wao, na kibao hakiwezi kukuambia ni yupi.

Kwa hiyo anaandika 53 toa 27. Tofauti ni tarakimu moja tu. Jibu sahihi sasa ni 26. Aliyegeuza atapata 34. Aliyesahau kupunguza makumi atapata 36. Aliyeona 3 haitoshi akaamua kuandika sifuri atapata 30. Aliyejumlisha badala ya kutoa atapata 80. Kila njia ya kukosea imepewa mlango wake wa kutokea, na Mwalimu amesimama mbele akitazama nani anatokea mlango gani. Kanuni aliyoigundua mwenyewe ni fupi: epuka namba ambazo mamoja ya chini yanazidi ya juu kwa 5, kwa maana hapo ndipo makosa mawili makubwa hugongana kwenye jibu moja. Nilikaa na karatasi nikaijaribu kwa namba nyingine. Ni kweli.

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha kazi iliyokuja kujulikana sana miongoni mwa wanaochunguza jinsi akili inavyojifunza. Walikuwa na programu ya kompyuta waliyoiita BUGGY, na wakachambua majibu ya kutoa ya wanafunzi zaidi ya elfu moja wa Nikaragua, nchi iliyokuwa ikijaribu kufundisha hisabati kwa redio. Waliloonyesha ni kwamba makosa mengi ya watoto si ya ovyo wala ya uvivu. Mtoto hufuata kanuni yake kwa uaminifu, tena swali baada ya swali. Tatizo ni kwamba kanuni yenyewe ina kasoro mahali fulani. Programu ile iliweza kuigiza kasoro hizo, na walimu waliitumia kujizoeza kuzitambua. Mwalimu wa Lushoto hajawahi kuisikia BUGGY. Anacho kijitabu chenye gamba la kaki ambamo, kwa miaka mingi, ameandika kila jibu la kosa alilokutana nalo na njia iliyolizaa.

Asubuhi ya kipindi, watoto wanasimama, “Shikamoo mwalimu,” wanaketi watano watano kwenye madawati ya watatu. Viranja wanapitisha mifuko ya vijiti. Ubaoni amekwisha chora mstari wa kusimama, kushoto makumi, kulia mamoja, tarakimu zake zimesimama wima na kulingana. Hata 7 ina kikofia chake kidogo. Anaandika 53. Darasa linaisoma mara mbili, kwanza “hamsini na tatu”, halafu “makumi matano, mamoja matatu”. Hawaulizi kama wameelewa. Anasema, “Niwekeeni mezani.” Kila kundi linaweka vitita vitano na vijiti vitatu.

“Sasa nahitaji ishirini na saba.”

Kisha anafanya jambo ambalo kwa mgeni linaonekana kama kutofanya kitu. Anaweka mikono nyuma, vidole vimeshikana, na ananyamaza. Meza ya mbele wanampa vitita viwili haraka, hiyo ni rahisi. Wanavishika vijiti vitatu vilivyobaki. Mmoja anaangalia kama vingine vimeanguka chini. Mwingine anataka kuazima kwa meza ya jirani, na jirani wanakataa kwa sauti. Mwalimu hasogei. Msichana mmoja anakigusa kitita, anamtazama Mwalimu usoni kuona kama ni ruhusa, haoni kitu, anakiweka chini. Nilianza kuona aibu kwa niaba yao. Ukimya uliendelea. Yule msichana akakichukua tena kitita, akavua pete ya mpira, vijiti vikamwagika, na meza nzima ikaanza kuhesabu.

Mary Budd Rowe, mtafiti wa Kimarekani wa ufundishaji wa sayansi, aliwahi kusikiliza kanda nyingi za sauti zilizorekodiwa madarasani, akapima muda ambao mwalimu hungoja baada ya kuuliza swali. Katika kazi yake iliyojulikana mwanzoni mwa miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu wengi hungoja kama sekunde moja tu, kisha hujibu wenyewe au humrukia mwanafunzi mwingine. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu! Ule ukimya wa Lushoto ulipita hapo mbali. Nilipomuuliza Mwalimu jinsi anavyostahimili, alisema mikono nyuma ndiyo siri. Mikono ikiwa mbele itamfungulia mtoto kitita kabla mwenyewe hajajua imefanya hivyo.

Meza zikishafungua vitita vyao, vijiti vinawekwa kando, vibao vinatoka. Swali ni lilelile, kwa tarakimu. “Vibao juu!” Ukuta wa majibu unasimama. Nyingi ni 26. Kuna 34 kadhaa, zimekusanyika upande wa dirishani, huenda zimeambukizana. Kuna 36 chache. Kuna 80 moja ya mtoto ambaye Mwalimu baadaye aliniambia haoni vizuri ubaoni, na alikwisha mhamisha mbele mara mbili lakini hurudi kwa rafiki yake.

Hapigi makofi na hawaruhusu kupiga. Anasema “Haya,” na kwa sauti ileile moja anamuuliza wa 26, wa 34 na wa 36 swali lilelile: “Umefanyaje? Nionyeshe.” Aliyepata haonekani tofauti na aliyekosa, kwa hiyo wote wanalazimika kufikiri kama njia yao ni nzuri. Mimi bado naona aliyepata angestahili makofi kidogo. Katika shule nilizosoma, makofi ya kilo ndiyo yalitufanya tunyooshe vidole. Lakini nakiri kwamba katika darasa hili watoto waliendelea kubishana kuhusu 34 na 36 muda mrefu, jambo ambalo lingekufa mara tu makofi yangetaja mshindi.

Mvulana mmoja wa 36 alipiga magoti sakafuni kando ya Mwalimu, naye Mwalimu akachuchumaa ili macho yao yawe sawa. Maelezo ya mtoto yalianza kwa Kiswahili, yakakwama, yakaendelea kwa Kisambaa. Mwalimu hakumkatiza kwa lugha. Alifuata hesabu ile mstari kwa mstari, kama mkulima wa miteremko hii anavyopanda kufuata mfereji hadi mahali maji yalipovunja kingo. Kumi na tatu toa saba, sita. Sawa. Tano toa mbili, tatu. Hapo akamzuia kwa kidole kimoja juu ya tarakimu 5. “Weka mezani.” Mtoto akaweka vitita vitano na vijiti vitatu, akafungua kitita kimoja, akahesabu vijiti kumi na tatu. “Makumi mangapi?” Mtoto akatazama meza, akatazama kibao. Akakata 5 kwa mstari mmoja, akaandika 4 juu yake. Mwalimu aliinuka akaenda kwa mwingine bila kungoja jibu la mwisho, kwa kuwa halikuwa na haja ya kungojwa.

Watu wa vyuo wana majina ya haya yote, na Mwalimu anayajua. Alifanya mitihani yake. Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37, aliandika juu ya eneo lililo kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akisaidiwa kidogo. Jerome Bruner mwaka 1966 alieleza kwamba tunayajua mambo kwanza kwa kuyatenda, kisha kwa picha, kisha kwa alama. Ndiyo maana vijiti vinatangulia, kisha watoto wanachora mistari mirefu kwa makumi na nukta kwa mamoja, na tarakimu tupu zinakuja mwisho; mtoto anayekwama anarudishwa hatua moja, si mbili. Mwaka 1976 Bruner na wenzake David Wood na Gail Ross waliandika kuhusu mwalimu akiwasaidia watoto wadogo kupanga vipande vya mbao hadi viwe piramidi, wakaufananisha msaada huo na jukwaa la waashi linaloondolewa ukuta ukishasimama. Mwalimu alipokuwa chuoni alikariri majina haya kwa ajili ya mtihani. Heshima yake kwao ilikuja baadaye, kwa sababu isiyo ya kinadharia hata kidogo: “Wote walikaa na watoto muda mrefu.” Jean Piaget aliwachunguza hata wanawe mwenyewe watatu. Mtaala wa Tanzania umebadilishwa mara kadhaa tangu aanze kazi, wa 2005 ulioleta habari ya umahiri, wa 2015 wa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa madarasa ya chini, na huu ulioanza kutumika 2024. Kila mmoja umemkuta na kijitabu chake cha kaki, na makosa yaliyomo hayajabadilika.

Mwanasaikolojia B. F. Skinner, Mwalimu humtaja kwa tahadhari zaidi, lakini hamdharau. Novemba 1953 Skinner alitembelea darasa la hisabati la binti yake huko Marekani. Aliona watoto wakifanya maswali bila kujua kama wamepata au wamekosa, wote wakisukumwa kwa mwendo mmoja. Ilimkera, na muda mfupi baadaye alikuwa ameunda mashine yake ya kwanza ya kufundishia, iliyompa mtoto swali moja na kumjulisha papo hapo kama amepata. Ukitazama vizuri, tatizo aliloliona ni lile lile lililomfanya Mwalimu apake plaiwudi mkaa. Wametofautiana mahali taarifa inapokwenda. Mashine ya Skinner inamwambia mtoto. Kibao kinamwambia mwalimu.

Hiki ndicho kipimo anachokitumia kwa kila chombo kinachoingia darasani, kishikwambi kikiwemo. Baada ya Sensa ya 2022, Serikali iliamua vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vigawiwe walimu, naye alipata chake. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania anavisomea humo, na hilo limempunguzia kubeba mzigo kwenye utelezi. Programu za mazoezi alizionyeshwa na kijana wa jirani: swali linatokea, mtoto anabonyeza, kuna mlio wa furaha au wa huzuni. Alimtazama mjukuu wake akibonyeza 34, mlio wa huzuni, 36, mlio wa huzuni, 26, nyota ya dhahabu. Programu ikaandika kwamba amefaulu. Zile 34 na 36 zilikwisha potea. Kwa jedwali la kuzidisha anaona mlio unafaa, kwa sababu pale kinachotakiwa ni kuzoea. Kwa kutoa kwa kukopa, anaona nyota imelipwa kabla kazi haijakaguliwa. Zipo programu zinazotunza kila jibu la mtoto na kumpangia mwalimu, na nilipomweleza hivyo alitaka kuiona moja. Hakutaka kubishana.

Wala mkoa huu si mgeni wa vyombo hivi. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yalifanyiwa jaribio lake katika vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga, ambako watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua, bila mwalimu. Ilielezwa kwamba asilimia 74 yao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 sehemu hiyo ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu, na Mei 2019 timu za onebillion ya Uingereza na Kitkit School ziligawana ushindi. Si jambo dogo. Mtoto asiye na shule kujifunza kusoma kwa kioo ni ushindi, na Mwalimu ndiye wa kwanza kusema hivyo. Anaongeza tu kwamba nusu iliyobaki ndiyo kazi anayoijua yeye.

Na kabla ya vishikwambi, anakumbuka redio ya 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza. Alikuwa mtoto, mama yake alikuwa kwenye kikundi. Anachokikumbuka si sauti ya mtangazaji. Anakumbuka kwamba redio ikishazimwa kiongozi wa kikundi aliuliza swali, na watu wakabaki wameketi, wanabishana kuhusu vyoo na mbu hadi giza.

Kishikwambi chake amekipatia kazi nyingine ambayo nadhani waliokitengeneza hawakuifikiria. Vibao vikiwa juu, kabla ya “Haya,” anapiga picha, safu kwa safu, picha nne. Jioni, kama betri inaruhusu, anazikuza kwa vidole viwili na kusoma kibao kimoja kimoja, pamoja na mistari iliyokatwa. Kwenye daftari anaandika majina katika makundi: waliogeuza, waliosahau kupunguza, walioandika sifuri, waliopata kwanza kisha wakakata wakaandika kosa. Hawa wa mwisho ndio anaowatafuta zaidi, na ndio ambao daftari la kawaida na ufutio vingemficha. Mmoja wao alikuwa yule msichana aliyefungua kitita.

Halafu anachagua namba ya kesho. Aliandika 61 toa 38 akaikata. Aliandika 40 toa 16 akaiacha ibaki, kwa sababu sifuri juu huwaumbua waliobaki na mashaka. Jibu ni 24. Wa kuandika sifuri watapata 30 kama leo. Lakini aligundua jambo lililomfanya acheke peke yake na kunisogezea kibao. Safari hii aliyegeuza, 6 toa 0 ni 6, atapata 36. Na aliyesahau kupunguza makumi, 10 toa 6 ni 4, atapata 34. Namba mbili za leo zimebadilishana maana. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu kabisa ya andalio, palipotengwa kwa idadi ya wanafunzi: 36 ndio waliogeuza, 34 ndio waliosahau, usisome kwa mazoea.